Dhamana ya Shemeji Eliakim

Alhamisi ile kesi ilipoitwa tulisimama mbele ya hakimu watu wawili badala ya watatu. Mimi mdhamini nilikuwepo, na Primus mlalamikaji alikuwepo, mkono wake wa kulia ukiwa bado haunyooki vizuri. Shemeji yangu Eliakim, mshtakiwa mwenyewe, hakuonekana. Karani alitoka mlangoni akaita jina lake mara tatu, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza chai, kisha akarudi ndani akitikisa kichwa.

Niseme mapema kwamba mimi, Eunike, si mpole. Eliakim ni mdogo wa marehemu mume wangu. Wakati wa kiangazi aligombana na Primus kwenye mfongo, ule mfereji wa maji tunaogawana kwa zamu hapa Old Moshi, akampiga kwa mpini wa jembe mpaka mfupa ukavunjika. Alipokamatwa, ukoo mzima ulikaa nyumbani kwangu ukinywa chai yangu, kila mmoja na sababu yake ya kutoweza kumdhamini. Nikamdhamini mimi. Nilipeleka mahakamani barua ya mtendaji wa kijiji inayosema kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni changu: nyumba, migomba, kahawa na kaburi la mume wangu humo humo, nikatia sahihi kwamba asipofika kwenye kesi nitawajibika nacho.

Hakimu, mama mmoja asiyepoteza maneno, aliniuliza mshtakiwa yuko wapi. Nikasema sijui. Akatoa hati ya kumkamata, kisha akanieleza kwamba nina siku saba za kumleta. Nikishindwa, nitakuja kueleza kwa nini dhamana yangu isichukuliwe. Alisema hayo kwa utulivu kabisa. Mimi nikashika benchi.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mke wake, Justina. Kwanza aliniambia Eliakim amekwenda Mkuu, Rombo, kumwona mjomba mgonjwa. Nilimwuliza jina la mjomba, naye akainamia sufuria. Nilivuta kigoda nikakaa, nikamwambia sina haraka. Chai ilipopoa akasema kweli: mumewe amepanda mlima. Jumatatu kiongozi mmoja wa watalii, Davis, alipungukiwa mpagazi, akampigia simu, na Eliakim akaondoka asubuhi hiyo hiyo kwa njia ya Machame, safari ya siku saba.

Nilihesabu kwa vidole mbele ya Justina. Hakuna namna mtu aanze Jumatatu safari ya siku saba halafu Alhamisi awe mahakamani. Alijua. Justina akajitetea kwamba mumewe alikuwa na hakika kesi itaahirishwa tu, maana mara nne zilizotangulia mashahidi hawakufika. Nilikasirika mpaka nikacheka. Mara hii walikuwa wamekuja wote, hata daktari aliyemfunga Primus mkono.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilimwomba jirani yetu Jackson anipeleke na pikapu yake hadi Mweka, kwenye lango wanakoshukia wapagazi. Saa tano asubuhi Eliakim akatokea, matope hadi magotini, begi la mtalii kichwani, anaimba. Aliponiona wimbo ulikatika. Alitua mzigo, akapita pembeni kwenye uzio wa kihamba cha watu, akarudi na jani la isale. Akapiga magoti kwenye kokoto akaninyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Kwa msiotoka kwetu, isale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea jani lake amekiri kosa na anaomba radhi. Hulikatai. Ukilikataa, wewe ndiye unayegeuka mkosaji, na wazee watakwambia hutapata amani. Wapagazi wenzake waliacha kuongea wakanitazama mimi, si yeye. Nilimchukia dakika ile, kwa sababu alijua nitafanya nini. Nikalipokea.

Akasimama akijipangusa magoti, uso umemng'aa. "Asante, shemeji. Basi yameisha, twende nyumbani."

"Yameisha kati yangu na wewe," nikasema. "Panda gari, tunakwenda polisi."

Njia nzima alitaka nimweleze inawezekanaje mtu apokee isale halafu ampeleke mwenzake polisi. Aliuliza na kuuliza mpaka Jackson akaongeza sauti ya redio. Usiku huo alilala kituoni, na Jumatatu tukawa mbele ya hakimu yule yule.

Eliakim alieleza habari za mlima. Hakimu alimsikiliza hadi mwisho, akasema mahakama haipangi tarehe zake kwa kufuata watalii. Kwa kuwa nilikuwa nimemleta ndani ya muda, kihamba changu hakitaguswa. Kisha akaniuliza kama niko tayari kuendelea kumdhamini au najitoa. Nikijitoa, na asipopatikana mwingine, mshtakiwa atakaa mahabusu mpaka kesi iishe.

Eliakim alinitazama bila wasiwasi wowote. Kwa hesabu yake alikuwa ameshasamehewa. Nilikumbuka mwaka ule mvua ilipokata njia, alivyombeba kaka yake mgonjwa mgongoni kutoka nyumbani hadi barabara ya gari, akimbembeleza asilale. Nampenda Eliakim, sitasema uongo. Lakini nilikumbuka pia kwamba siku tatu baada ya mimi kushika lile benchi, yeye alishuka mlimani akiimba.

"Mheshimiwa, nimemsamehe," nikasema. "Ila kumdhamini, najitoa."

"Shemeji," akaita kwa sauti ya chini, mara moja tu, kabla askari hajamshika mkono.

Karani alifungua faili akanirudishia barua ya kihamba changu. Niliipokea kwa mikono miwili, na furaha niliyoisikia pale, huku shemeji yangu akitolewa kwa mlango wa nyuma, ilinitia aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.