Mwenye Mizinga

Mama Kopo alikuwa amenuna tangu asubuhi, na alikuwa na haki. Alasiri hiyo Bwana Nyuki, afisa wa ufugaji, angekuja na fomu ya mizinga ishirini mipya na mashine ya kukamulia asali. Mumewe alikuwa ameshatangaza kila kona kwamba jina litakaloandikwa kwenye fomu ni lake.

"Mgeni wa serikali anataka kuongea na mtu mzito," alisema. Kijiji kizima kilimwita Msemaji, maana hakuna harusi wala msiba uliopita bila yeye kushika kipaza sauti. "Nyinyi mtaosha chupa. Mimi nitamweleza tulivyoanza."

Tulivyoanza! Walipoanza yeye alikuwa kitandani. Wanawake kumi na wawili wa kikundi ndio waliochonga magogo, wakatundika mizinga, wakaumwa mpaka macho yakavimba. Fundi cherehani wao ndiye aliyeshona vyandarua vichakavu vikawa kofia za kujikinga. Kwa miaka mitatu Msemaji hakuwahi kuvuka uzio wa mizinga. Asali aliipenda, tena sana, ila ile iliyokwisha kuingia chupani. Mama Kopo alipewa jina hilo kwa sababu ya kopo la moshi wa kutuliza nyuki alilolishika kila siku ya kurina asali.

Saa nane Msemaji akatoka chumbani na suti nyeusi, tai shingoni, na marashi aliyojimwagia mpaka mbuzi mlangoni akapiga chafya.

Hata mwanachama aliyejiunga juzi alijua sheria za siku ya mizinga: hakuna marashi, hakuna nguo nyeusi, hakuna haraka. Nyuki hawana simile na hayo. Mama Kopo akafungua mdomo amwambie. Alimpenda mtu yule, pamoja na makelele yake yote.

"Na mbele ya mgeni," akasema Msemaji huku akikaza tai, "usinikatize."

Mama Kopo akafunga mdomo, akaufungua tena. "Umependeza, baba watoto."

Huko uzioni fundi cherehani alimvuta Mama Kopo pembeni. "Dada, mbona ananukia hivyo? Hutamwambia?"

"Amesema nisimkatize."

Bwana Nyuki akaja, akaegesha gari karibu na mahindi, akahutubiwa robo saa nzima kuhusu jasho la Msemaji, usiku wa Msemaji bila usingizi, na mgongo wa Msemaji. Akafurahi, akatoa kalamu.

"Hongera, mzee. Nifungulie basi mzinga mmoja nione masega, halafu tuandike."

Hilo Msemaji hakulitegemea. Fundi cherehani akamnyooshea kofia ya chandarua kwa adabu zote.

"Ya nini? Nyuki wangu wananijua."

Wanawake wakavaa za kwao. Bwana Nyuki, ambaye pua yake ilikuwa imeshamletea habari, akaanza kurudi nyuma kuelekea garini. Msemaji akainua kifuniko.

Kwanza ulisikika mvumo, halafu Msemaji mwenyewe, bila kipaza sauti. Alipita mbele ya mgeni na wenyeji, tai begani, kiatu kimoja kimebaki, akatokomea kwenye mahindi. Bwana Nyuki alikuwa ndani ya gari, vioo juu. Wanawake walisimama tuli, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama Kopo naye alicheka, kisha roho ikamuuma, kwa sababu aliyekuwa akipiga mayowe ni mumewe. Akawasha kopo lake, akaufukiza mzinga taratibu, akaufunika.

Kioo cha gari kikashuka vidole viwili. Fomu ikachomoza.

"Jamani, mwenye mizinga hasa ni nani?"

Mama Kopo akafungua mdomo. Sauti kutoka kwenye mahindi ikamtangulia.

"Ni yeye! Mwandike yeye! Na aje na moshi, nakufa!"

Mama Kopo akasikiliza vizuri. Mtu anayekufa hana pumzi kama ile. Akaiweka fomu juu ya boneti, akaandika jina lake, la baba yake, la babu yake, na la kikundi, kwa mwandiko wa kutulia.

"Mke wangu! Jamani, mke wangu!"

"Nakuja, baba watoto," akaitika, akiigeuza karatasi. "Kuna na upande wa pili."