Pasi Yangu na Vifundo vya Jenabai

Mimi nilikuwa nimeshapakia sanduku. Hilo ulijue kwanza, kabla hujaanza kunihukumu. Lilikuwa chini ya kitanda changu Riyadh, na ndani yake viatu vya shule vya Emmah. Namba nilikisia tu, maana mtoto niliyemwacha ana miaka mitatu sasa ana saba, na mguu wake siujui. Likizo yangu Madam Nufu alikuwa ameiahirisha mara tatu. Mara ni Ramadhani, mara dada yake anaolewa, mara kuna mgeni kutoka Paris. Safari hii aliapa kabisa: tamasha la filamu la Jeddah likiisha, Jumapili niko kwenye ndege.

Madam Nufu anavalisha waigizaji. Mimi ni mtu wa pasi. Ukiona mwigizaji anapita kwenye zulia jekundu na gauni halina kunjo hata moja, ujue mahali fulani kuna Mluhya amesimama tangu alfajiri, miguu imevimba. Sijisifu, nimechoka hata kujisifu. Lakini kwa pasi, aki, Riyadh nzima hakuna wa kunishinda.

Gauni la mwaka huu lilikuwa la bandhani, hariri nyekundu ya Kihindi. Kazi yake ni hivi: fundi anafinya kitambaa kidogo kidogo kwa ukucha, kila alipofinya anafunga uzi, vifundo maelfu kwa maelfu, halafu kitambaa kinatiwa rangi. Ukija kufungua, kila palipokuwa na kifundo pana kitone cheupe. Aliyekileta ni Mzee Zacharia, Mhindi wa Bhuj. Ujanani alikaa Mombasa miaka kumi dukani kwa mjomba wake, kwa hiyo Kiswahili anakimwaga kuliko mimi, na mimi ananiita mwanangu. Vifundo alivifungua mwenyewe pale Riyadh na kusimamia ushonaji. Wiki hiyo mimi nilikuwa na homa, sikuona chochote.

Madam alipanda ndege. Mimi na Mzee tukapelekwa kwa gari, gauni limelazwa kwenye mfuko kiti cha nyuma kama mgonjwa, jangwa tu saa kumi mfululizo. Tulifika Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwenye nyumba aliyokodi Madam ya kujaribishia nguo, mgongo wangu ukiwa si wangu tena. Mzee Zacharia alinawa uso akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Nikafungua mfuko.

Gauni lote lilikuwa na vinundu. Vidogo, vimesimama kila mahali, kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi. Nikasema haya, barabara imeshafanya yake, na mwigizaji anavaa jioni hii. Nikajaza maji pasi ya mvuke. Nilipiga saa nzima, paneli kwa paneli, na kinundu kilichokuwa kigumu nilikilowesha kwanza. Likanyooka likawa kama karatasi. Na nilifurahi, usiniulize kwa nini. Hiyo ndiyo furaha ninayoijua huku.

Mzee Zacharia aliporudi alisimama mlangoni, viatu mkononi. Akaja, akapitisha kiganja kwenye kifua cha gauni, polepole.

"Mwanangu, umelipiga pasi."

"Ndiyo, Mzee. Lilikuwa limekunjamana kweli."

Akakaa kwenye kigoda. Alinieleza bila kupandisha sauti, na ningeshukuru kama angenitukana. Vile vinundu ndivyo alama ya vifundo. Bandhani ya mkono haipigwi pasi. Kwao mtu akinunua anapapasa vinundu kwanza. Asipovikuta anajua kitambaa kimechapwa na mashine, anakirudisha.

"Jenabai alikaa nacho miezi minane," alisema. "Ndicho cha mwisho alichofunga."

Jenabai alikuwa mke wake, aliyefariki mwezi wa tatu. Nilikuwa nimempa pole mimi mwenyewe, jikoni Riyadh. Na sasa kitu pekee ambacho vidole vyake vilikuwa vimekiacha nilikuwa nimekipitishia mvuke. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku kafili wangu wa kwanza, bosi aliyenileta huku, aliponipekua mkoba mbele ya wageni.

Mzee alilivuta gauni mapajani. Alilowesha ukosi, akaanza kufinya kwa ukucha wa kidole cha mwisho, ule aliouacha ukakua mrefu kwa kazi hiyo, na kufunga upya, kitone kwa kitone. Mimi nilishika kitambaa, nikakausha kwa mashine ya nywele. Alipovuta uzi, vinundu vikarudi. Lakini hadi dereva wa Madam anabisha tulikuwa tumemaliza ukosi tu, tena upande mmoja.

Asubuhi Madam Nufu alinikuta jikoni nachemsha kahawa. Alikuwa na furaha ambayo huwa haji nayo kwangu. Picha zimesambaa, alisema. Gauni limetulia mwilini, halina kasoro. Kuna gazeti limeandika ni hariri iliyochapwa na mashine, lakini halas, nani anajali.

"Metrine, mikono yako ni dhahabu. Mwezi ujao kuna harusi Riyadh, magauni sita. Likizo tutaongea baada ya Idi."

"Madam, Jumapili."

"Mafi Jumapili, hakuna. Baada ya Idi."

Akaenda sebuleni. Mimi nilibaki nimeshika birika. Pasipoti yangu iko kwenye droo yake, na kulia nililia mwaka juzi, hakukusaidia. Nikamkumbuka Winfred wa jirani, aliyeunguza baibui la bosi wake. Wiki haikuisha, ameshafukuzwa, yuko kwao Eldoret. Nikaona njia ni hiyo moja. Nikiri, akasirike, anirudishe. Na Jenabai naye apate haki yake.

Nilimfuata. Mzee Zacharia alikuwa pale anakunja mabaki ya kitambaa.

"Madam," nikasema, "lile gauni nililiharibu mimi. Linatakiwa kuwa na vinundu, ndiyo alama ya mkono. Niliviua kwa pasi. Watu wameona kitu kibovu."

Madam alivua miwani. Akamgeukia Mzee. "Ni kweli?"

Mzee aliniangalia. Nilimkazia macho aseme ndiyo. Yeye akaona mwanamke anayeogopa.

"Hapana, Madam," alisema, akiyashika yale mabaki ya kitambaa. "Mimi ndiye niliyemwagiza. Siku hizi twapiga pasi. Kwenye kamera hupendeza zaidi."

Madam alicheka. "Unaona? Unajisumbua bure. Yalla, lete kahawa."

Mzee Zacharia alinifuata jikoni. Tangu mwezi wa tatu sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Usiogope, mwanangu," alininong'oneza. "Hakufukuzi tena. Hata Jenabai angeniambia niseme vivyo hivyo."

Mtu amemkana mkewe kwa ajili yangu.

"Asante, Mzee," nikasema, nikamtilia yeye kahawa kwanza. Halafu nikampigia mama simu, nikamwomba ampime Emmah mguu, maana hadi Idi ipite vile viatu havitamtosha.