Kichwa cha Mia Mbili

Mkuu wa zahanati alisema wazi: chumba cha meno kikitibu watu chini ya mia mbili kwa mwezi, wafadhili watakata fedha, nacho kitageuzwa stoo. Wafadhili hawahesabu meno yaliyopona. Wanahesabu vichwa. Kung'oa ni kichwa kimoja, kuziba ni kichwa kimoja, ila kuziba kunakula muda wa watu wawili. Ndiyo maana tuling'oa mno, na mimi msaidizi wa daktari nimemwaga meno ambayo yangekaa vinywani miaka ishirini. Iliniudhi. Hata gego langu lenye tundu nililiahirisha, nikingoja siku ya nafasi.

Siku ya mwisho ya mwezi tulikuwa na vichwa mia moja themanini na sita. Kwenye benchi walikaa kumi na wanne. Niliwahesabu mara tatu, roho juu. Saa kumi kamili karani angekuja kuchukua daftari.

Wa tano alikuwa binti anayejifunza ushonaji. Jino la mbele, tundu dogo. Daktari alishika koleo, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyekosa usingizi. Binti akafunika mdomo kwa kiganja.

"Hilo lizibe, daktari," nilisema.

"Dada, tutapungukiwa."

"Lizibe. Mtoto wa watu ana miaka kumi na minane."

Akaweka koleo chini. Kazi ilichukua saa nzima, nami nikiitazama saa ya ukutani kila dakika. Binti alijiangalia kwenye kioo, akacheka meno yote nje. Nilifurahi, kisha hofu ikanirudia pale pale.

Saa tisa na nusu, wengine wote wakiwa wameshatibiwa, nilichungulia nje. Wa mwisho, fundi seremala, alikuwa amechoka kungoja, ameenda zake. Nilikimbia hadi getini, sikumwona. Mia moja tisini na tisa. Daktari alisema labda karani ataelewa. Karani yule hajawahi kuelewa kitu tangu azaliwe.

Zilibaki dakika kumi na tano. Nilivua aproni, nikapanda kwenye kiti.

"Andika jina langu."

Aliwasha taa, akaligusa gego kwa ncha ya chuma. "Hili linazibika, dada."

"Kwa muda gani?"

Alitazama saa ya ukutani, akasogeza koleo karibu. Alivuta ganzi kwenye sindano. Nilisikia viatu vya karani vikija koridoni, nikapanua mdomo.