Ufupisho wa Mwalimu Bandora

Usiku wa jana nilimwota Mwalimu Bandora, aliyetufundisha fasihi ya Kifaransa kidato cha tano na sita, kwa kitabu alichokitunga mwenyewe, kizito kama tofali. Alikuwa amelazwa juu ya meza ya mtihani, kavaa tai, miguu inaning'inia.

Msimamizi ni kifutio cha ubao. Kimevaa miwani.

"Kijana, fupisha," kinaniambia, kikinisukumia karatasi. "Maisha ya huyu, maneno hamsini. Yanayozidi yanafutwa."

"Kwenye karatasi?"

"Kwake."

Namgeukia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mtundu wewe. Kwenye ufupisho niliwafundisha nini? Kata bila huruma. Haya, anza."

Nakata miaka yake ya chuo kule Lubumbashi. Masharubu yanamtoka, yanadondoka sakafuni kama kwa kinyozi. Nakata sura kumi na mbili za kitabu, zile alizoandika kwa mkono. Vidole vya kulia vinakuwa vyeupe, kisha havipo. Nakata ndoa. Anaitazama pete yake, ananiuliza ni ya nani.

Nasita.

"Endelea," anasema. "Mwandiko wako bado mbaya, lakini endelea."

Meza sasa ni kitanda na darasa ni wodi. Hakuna anayeshangaa. Muuguzi anasahihisha madaftari.

Kifutio kinahesabu. "Hamsini na matatu. Toa matatu."

Chini kabisa kuna sentensi mbili. *Ana binti, Spesioza.* Na nyingine: *Bado anaishi Kigoma.* Miaka miwili katufundisha, sikuwahi kujua kama ana mtoto.

"Tutoe huko juu," nasema. "Hilo jina la shule lina faida gani? Hata choo haikuwa nacho."

"Huko juu wino umeshakauka. Chagua kati ya hizo mbili."

Mwalimu anajiinua kwa kiwiko. "Mwanangu asiguswe. Kata hiyo nyingine."

"Lakini Mwalimu, hiyo nyingine si ndiyo wewe?"

"Soma swali, kijana. Limekuuliza maoni yako?"

Nakata. Kifutio kinapanda kitandani, kinaanzia miguuni, taratibu, kama kinafuta ubao wa Ijumaa.

Niliamka kumekucha. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua:

"Kaka, ni Spesioza, binti wa Mwl. Bandora. Baba ametutoka alfajiri. Namba yako alinipa yeye. Kasema nikushukuru, umechagua vizuri. Sijui ulichagua nini."