Jicho la Kuume la Casque

Destin alimimina chai pembeni ya kikombe. Kikombe kilikuwa mahali pake pa kila asubuhi, kando ya mkate, na yeye alikuwa anakiangalia vizuri, lakini chai ilianguka upana wa kiganja upande wa kushoto, ikapita katikati ya mbao za meza, ikaingia katika kiatu cha mama yake.

"Unalala?" mama yake, Scholastique, akamwuliza.

"Hapana, mama. Nilikuwa namimina mu kikombe ile ingine."

Kavira, jirani wa parcelle, wa uwanja ule ule, mwenye kuuza samaki ya chumvi, alikuwa amekaa mlangoni anasukwa nywele. Akacheka. "Mutoto wa miaka kumi na ine anaona mbili! Papa yangu yeye alingojaka anywe bière."

Scholastique hakucheka. Siku hizo alikuwa anaokota mbegu za kunata kwenye suruali ya mtoto, zile nyeusi nyembamba zinazoota kando ya mashamba ya maharagi kule kwao Dzalu, upande wa Djugu. Hapa Saio, mtaa wa Bunia, hazioti. Parcelle inafagiliwa mpaka udongo unang'aa. Na ndala za Destin zilikuwa zinarudi kila jioni zimelowa umande.

Mama mwenye kusoma hii, kama mtoto wako anaanza kuona mbili, usikimbilie kituo cha afya. Muulize kwanza ile ya pili ni nini. Scholastique hakuuliza. Alimpa dawa ya minyoo.

Walikuwa wanaishi katika annexe, nyumba ndogo ya nyuma, ya Félicien, parrain wa Destin, baba yake wa ubatizo, ambaye kule Dzalu alikuwa katekista. Félicien alihamisha bibi yake, watoto wake na hata milango ya nyumba yake mapema, kabla ya washambulizi kufika, na watu walimsifu kwamba ana akili. Wengine walibaki. Asubuhi ile washambulizi walipoingia, Sébastien, mume wa Scholastique, aliuawa mbele ya nyumba yake. Scholastique na mtoto walipita maporini, wakafika Bunia na sufuria moja. Félicien aliwapokea kwenye barabara, akabeba ile sufuria mwenyewe mpaka kwake. Tangu siku hiyo Scholastique alikuwa anamtaja katika sala, mara nyingine mbele ya watakatifu.

Mbele ya parcelle Félicien alikuwa amefungua salle ya jeux, chumba cha michezo ya kulipia. Kitu cha kuvuta watu kilikuwa casque, ile miwani mikubwa nyeusi inayofunga macho yote mawili. Ukiivaa unajikuta golini katikati ya stade ya mpira, mipira inakuja, unaidaka kwa mikono yako. Sasa Félicien alitaka kufungua salle ya pili kule Epulu, kwenye barabara, mahali madereva wa camions, yale malori makubwa, wanalala. Destin ndiye angeisimamia. Wangeondoka Jumamosi, casque ikiisha kutengenezwa, kwa sababu wateja walikuwa wanalalamika.

"Mupira iko nafika mbele ya mupira yenyewe," walisema. "Na miguu inashika baridi."

Scholastique alikuwa amekubali safari. Alishukuru hata.

Fundi aliitwa Fiacre, wa Ngezi, kijana wa kujisifu, tournevis, bisibisi yake, sikioni kama kalamu. Scholastique aliingia salle kuona kazi, maana kazi ile ilikuwa kazi ya mtoto wake. Fiacre alifuta vioo viwili vya ndani kwa kitambaa. Akakaza mikanda. Akaweka règle ya shule juu ya pua ya Destin, akapima kutoka katikati ya jicho moja mpaka katikati ya lingine, kisha akazungusha kagurudumu kadogo chini ya casque, kale kanakosogeza vioo karibu ama mbali.

"Sasa?"

"Iko mbili."

Akazungusha upande mwingine. "Na sasa?"

"Bado mbili. Moja iko na ukungu."

"Mutoto huyu iko na macho ya muchungaji wa mbuzi," Fiacre akasema. "Moja inaangalia hapa, moja inaangalia mbuzi." Akazima, akawasha tena. Haikubadilika. "Bon. Funga jicho ya kushoto. Unaona nini?"

Destin akalifunga. "Kwetu," akasema.

Fiacre akaivaa yeye mwenyewe, akafunga jicho moja, halafu lingine. "Ni kweli. Kushoto, stade. Kuume, kilima na maharagi. Picha mbili hazipatane, njo maana vichwa vinauma watu." Akaivua. "Jicho ya kuume imebakia na macho ya mwenye alivaaka casque mara ya kwanza. Inatokea. Kule kwetu Ngezi nilitengenezaka moja ya infirmière mwenye kuzalisha. Ukiivaa tu, unaona batoto banazaliwa."

"Na ulifanya je?" Scholastique akauliza.

"Kanifungo haka, hii kifungo kadogo. Nabonyeza, inafuta yote, inaanza zéro. Nifute?"

"Ngoja!" Destin akasema, haraka sana. Ndipo mama yake alimwangalia, na akanyoosha mkono apewe casque.

Alifunga jicho la kushoto. Ilikuwa asubuhi. Ukungu ulikuwa unatoka bondeni, maharagi yalikuwa na maua. Alisimama juu ya kilima cha Dzalu, umande ukimlowesha vidole, na chini aliona paa la nyumba yake na kitenge chake juu ya kamba. Mlango ukafunguliwa. Sébastien akatoka na jembe, akajikuna tumbo, akaangalia hewa. Kisha akatazama juu kilimani, akainua mkono, akacheka vile mtu anacheka na mtu anayemjua.

"Mama, unaweza kugeuza kichwa," sauti ya Fiacre ikasema kutoka Saio. "Angalia kila upande. Na chini."

Scholastique akageuka. Nyuma yake, katikati ya miti ya mikaratusi, wanaume walikuwa wamechuchumaa na mapanga na bunduki. Mmoja alikuwa anatafuna muwa. Akageuka tena mbele, akaangalia chini, kwenye mwili aliokuwa ndani yake. Aliona mkono wa kuume umenyooka, kidole kinaonyesha nyumba: ile, na ile, na ile. Mwisho kikasimama juu ya Sébastien. Sébastien aliona mkono wa rafiki umeinuka, akafikiri anasalimiwa.

Mkono ulikuwa wa tricot, sweta ya kijani. Scholastique ndiye aliifuma, kwa sindano zake mbili, kumshukuru parrain siku ya ubatizo wa Destin. Alikosea vipimo; mkono wa kuume ulitoka mrefu kupita ule mwingine, na Félicien, kwa heshima, hakulalamika. Alikuwa anaukunja mara mbili. Ulikuwa umekunjwa mara mbili.

Akavua casque. Pagne aliyovaa ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Félicien alisimama mlangoni anakula muhindi wa kuchoma.

"Inaenda?" akauliza.

"Inaenda nusu," Fiacre akajibu.

"Félicien," Scholastique akasema, "njo weye ulituonyesha kwa kidole."

Félicien aliangalia muhindi wake, akachagua upande wenye punje nzuri. "Njo mimi niliwapokea pia, Ma Scholastique," akasema.

Alhamisi Scholastique aliita chef wa avenue, mkubwa wa barabara yao, Muzee Élisée. Alikuja na kofia yake, akaivua, akavaa casque, akaangalia mpaka mwisho na jicho la kuume, kisha mpaka mwisho na la kushoto, na upande huo akadaka mipira miwili.

"Nimeona," akasema. "Ni yeye, ata mutoto anaweza kumutambua. Lakini mama, jicho moja inashitaki, na jicho ingine inacheza mupira. Mimi siwezi kupeleka mutu kwa wakubwa na jicho moja. Watanicheka." Akaomba maji, akanywa, akaenda.

Habari ikatembea. Watu wa Dzalu walikuja kutoka kambi ya wakimbizi, wakakaa kwenye benchi, kila mtu akingoja zamu. Hawakupiga kelele. Waliangalia nyumba zao. Véronique, mjane, aliona muhogo aliokuwa ameanika, akasema ungekuwa umekauka vizuri siku ile. Kisha akageuza kichwa tena na tena, akavua casque, akamwambia Félicien kwa sauti ya kulaumu:

"Parrain, juu ya nini hukusimama kushoto kidogo? Bwana yangu alikuwa nyuma ya jikoni. Ningemuona."

"Sikujua, mama," Félicien akasema. "Pardon."

Ni pardon moja tu aliyoomba.

Ijumaa Scholastique akamwita mtoto wake pembeni, nyuma ya annexe, mahali Kavira anaanika samaki.

"Hauendi Epulu."

"Nitaenda, mama."

"Destin, uliona mkono ile?"

"Niliionaka zamani." Alikuwa anaongea na bega la mama yake, siyo na uso; macho yalikuwa bado hayajapatana. "Papa akiinua mkono, mimi natoa casque. Sijafikaka zaidi. Halafu navaa tena. Anatoka tena."

"Ulijua, na ulikuwa unakula naye?"

"Na weye unakula naye leo."

Ilikuwa kweli. Hakuna mahali pengine pa kula.

"Ni macho yake njo yalimuonaka papa mwisho," Destin akasema. "Siye tulikuwa ndani, tunalala. Casque ikienda Epulu, naenda nayo. Kama papa hayuko tena ndani, basi, nitabaki. Nitafanya nini na mipira?"

Kavira, mwenye kusikia yote akigeuza samaki, akamwambia, "Scholastique, dada, mbona ni kitu rahisi? Kuna kanifungo. Fundi alikuonyesha."

Scholastique akaingia salle. Fiacre alikuwa anarudisha vyombo vyake katika mfuko. Casque ilikuwa juu ya meza. Watu wa Dzalu walikuwa kwenye benchi, na walipoona anaishika na kuigeuza chini juu, akitafuta, wakasimama wote.

"Mama, hapana," Véronique akasema. "Yangu bado sijamupata."

"Ni mutoto yangu," Scholastique akajibu.

"Nani hakukuwa na mutoto?"

Fiacre akamwonyesha kanifungo, kadogo kama punje ya ulezi. "Bonyeza, hesabu moja mpaka tano, achilia. Macho yatapatana. Itakuwa kama mupya."

Aliweka ukucha juu yake. Alijua vizuri. Akibonyeza, mtoto anabaki Saio. Asipobonyeza, mtoto anaenda na mtu aliyenyoosha kidole. Hakuna mtu aliyemficha kitu, wala hakuna mtu aliyemshika mkono. Mama, wewe unayesoma na watoto wako wako karibu, ningependa kukuambia kwamba ungebonyeza.

"Nimuone kwanza," Scholastique akasema.

Akavaa casque. Mlango ukafunguliwa, Sébastien akatoka na jembe, akajikuna tumbo. Alikuwa na tundu kwenye shati chini ya kwapa, tundu ambalo Scholastique alikuwa amesema atalishona. Akaangalia hewa. Akatazama juu, akainua mkono. Scholastique akavua casque. Akaivaa tena. Mlango ukafunguliwa. Watu walingoja kwa adabu. Essence ya groupe, petroli ya jenereta, iliisha, Félicien akaenda mwenyewe kuongeza ingine, na alipowasha tena, Sébastien alitoka tena na jembe. Mwishowe Véronique akamgusa bega, kwa sababu zamu ni zamu, na Scholastique akampa casque mkononi. Fiacre alikuwa amekwisha kwenda zamani.

Jumamosi asubuhi camion ya kwenda Epulu ilisimama mbele ya parcelle. Destin alipanda wa kwanza, casque mapajani imefungwa ndani ya blanketi. Scholastique alileta mfuko: suruali mbili, sweta, sabuni, samaki ambayo Kavira alitoa. Félicien akaupokea kutoka mikononi mwake, akaupandisha, akaupitishia kamba mara mbili, akauvuta kuona kama hauwezi kuanguka njiani. Haukusogea.

"Iko muzuri hivi?" akamwuliza.

Scholastique aliangalia kamba. Ilikuwa imefungwa vizuri sana.

"Iko muzuri," akasema. "Asante, parrain."