Tani za Bulungisa

Mwaka ule wa njaa, wa sabini na nne, taarifa za chakula za vijiji zilimiminika ofisi ya mkoa mjini Shinyanga, na hazikufanana hata mbili. Kijiji kimoja kilihesabu kwa debe, kingine kwa pishi, kingine kwa vikapu bila kusema kikapu cha nani. Katibu mmoja, mwenye haraka zake, aliandika tu “kidogo”. Kazi ya Coletha, karani wa ofisi hiyo, ilikuwa kuzigeuza zote ziwe tani, kila kijiji mstari mmoja, tarakimu ndani ya visanduku. Karatasi hizo zilikwenda Dar es Salaam kulishwa mashine, na mashine haijui debe wala pishi. Lakini mashine hiyo isiyojua pishi ndiyo ingesema nani apelekewe mahindi ya msaada.

Taarifa ya Bulungisa ilipomfikia, aliisoma mara mbili. Bulungisa ndiko alikokuwa mama yake, Nyamizi. Ni kijiji kipya karibu na Ushirombo. Watu walihamishwa mwaka uliotangulia, wakashushwa porini na vyombo vyao na kuambiwa kwenu ni hapa. Wakafanya kama walivyofanya baba zao. Kabla ya jiko, na wengine kabla hata ya paa kwisha, kila kaya ilijenga kihenge cha nafaka, maana huko mtu asiye na kihenge haozwi binti wa mtu. Kisha mvua ikagoma. Mahindi yalikauka yakiwa magotini, na vihenge vikabaki vipya vivyo hivyo.

Katibu wa kijiji, Nkwabi, alipotumwa kuhesabu chakula alipita njiani akihesabu vihenge kwa macho. Hakuchungulia ndani. Kumfunulia mtu kihenge ni kazi ya mwizi au mchawi, na Nkwabi alikuwa mtu wa heshima zake. Wenye vihenge nao walikaa kimya mlangoni, wakamwitikia salamu, wakamwacha apite. Nani atamwita katibu aje aone njaa yake? Basi Nkwabi akaandika kwa mwandiko mzuri: vihenge mia mbili.

Mwongozo wa ofisi ulisema kihenge kimoja ni magunia kumi. Coletha alipiga hesabu, akapata karibu tani mia mbili. Pasaka alikuwa huko. Alikula mlenda bila ugali siku zote alizokaa, na mama yake akamwambia eti kifua kinambana, hataki vyakula vizito. Coletha akafuta ile hesabu, akaandika sifuri.

Mkuu wake, mzee Stanslaus, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi kila nilipokisikia kisa hiki. Mtu mbaya unamchukia, yanakwisha. Aliiona sifuri, akamwita.

“Kijiji kimeleta vihenge mia mbili, wewe unakipa sifuri?”

“Vitupu, mzee. Havijawahi kuwekwa kitu.”

“Umechungulia vyote?”

“Nimekaa kwa mama. Najua wanachokula.”

Mzee alivua miwani, akaifuta, akachukua muda mrefu kuivaa tena. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba sifuri maana yake ni kuwa watu wamehamishiwa kwenye njaa, na karatasi ya kusema hivyo lazima iwe na saini ya mtu. Yeye ana watoto saba. Alirudisha zile tani kwa mkono wake mwenyewe, pole pole, Coletha akimtazama.

Alijaribu. Alimwandikia Nkwabi, akamsihi ahesabu upya, safari hii afunue. Nkwabi alijibu kwa adabu nyingi kwamba hesabu yake ni sahihi, na kwamba tangu hapo vimejengwa vihenge vingine viwili. Coletha aliisoma barua ile akacheka, kisha akalia, mbele ya watu.

Miezi miwili baadaye akasikia lori linapelekwa Bulungisa. Hakuamini. Alijiambia kumbe kuna mtu Dar es Salaam mwenye akili, ameziona tani zile akazitilia shaka. Akaomba ruhusa, akapanda mbele na dereva, Majaliwa, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa maneno mengi. Njia nzima Coletha alikuwa anatabasamu peke yake kama bibi harusi. Walipoipita Kahama barabara ikaharibika, na lori likawa linaruka kila shimo, likiwarusha waliomo.

“Samahani, dada,” Majaliwa alisema. “Gari tupu ndivyo lilivyo. Tukirudi na mzigo litatulia.”

“Mzigo gani?”

“Mahindi. Hawa wenzetu wana ziada, tunakwenda kuichukua wapewe wenye njaa.”

Coletha alimwomba ageuze. Alimweleza yote, vihenge, Nkwabi, miwani ya mzee Stanslaus. Majaliwa alisikiliza vizuri, akasikitika kweli kweli, akasema Mungu atawafungulia. Lakini yeye ametumwa, na asiporudi na mzigo au barua ya katibu, atadaiwa petroli. Wakaendelea.

Bulungisa walilisikia lori likiwa bado mbali. Walipofika, kijiji kizima kilikuwa barabarani, wanawake na ndoo, wanawake na beseni, vigelegele vimepamba moto, na Nkwabi mbele kabisa amevaa koti. Majaliwa alizima injini. Alishuka na karatasi yake ya kuchukulia mahindi, akaenda kumpa Nkwabi bila kumtazama mtu usoni.

Nyamizi alipita katikati ya watu mpaka kwenye mlango wa gari. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mifupa. Coletha alimwamkia shikamoo. Mama yake hakungoja hata kuitikia.

“Nilijua hutatusahau, mwanangu,” alisema, akamwekea ungo mapajani. “Nipokelee unga wangu haraka. Nimeacha maji jikoni, yanachemka.”