Nyonga za Nguva wa Nakitope

Kila mtu wa Nakitope anajua kwamba nguva akifa ufukweni huzikwa siku ileile kabla jua halijachwa, na kwamba atakayemfukua hatakanyaga tena mchanga wa kijiji hicho mpaka nguva mwingine azikwe. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Watoto huijua kabla hawajajua kuogelea. Zamani adhabu hiyo haikuzidi msimu mmoja, kwa kuwa nguva walijaa katika majani ya bahari kuanzia hapo hadi mdomo wa Ruvuma. Siku hizi miaka hupita bila nguva kuonekana, na adhabu, ingawa halikubadilishwa hata neno lake moja, imekuwa ndefu kupita umri wa mtu.

Ismaili alikulia chini ya sheria hiyo. Wazazi wake walifariki angali mchanga, akalelewa na shangazi yake Mwanahamisi, akasomeshwa hadi akawa mwalimu wa chuo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maumbile ya wanyama: kwa nini mfupa huu umepinda, kwa nini ule umekonda, na ni mnyama gani aliyeurithi kwa nani. Alipanga nyumba mjini, Likombe, lakini moyo wake haukuhamia huko. Ubavuni mwa nyumba ya shangazi alikwisha kuchimba msingi na kupanga matofali, ili siku atakapostaafu arudi kwao, aamke akisikia maji.

Palikuwa na jambo lililomnyima raha. Nguva hana miguu ya nyuma. Hata hivyo, ndani ya nyama yake, karibu na mahali mkia unapoanzia, mna vijifupa viwili vyembamba vya nyonga, mabaki ya mababu zake waliotembea nchi kavu. Havikuungana na uti wa mgongo wala havibebi mguu. Vimezama tu katika misuli. Wachinjaji huvitupa bila kujua, na kwa sababu hiyo mifupa yote ya nguva aliyopata kuonyeshwa Ismaili, nchini na ng'ambo, ilikuwa na pengo mahali hapo. Alivichora mbele ya wanafunzi wake kwa kukisia, kama mtu anayechora uso wa mama asiyemkumbuka.

Ndipo asubuhi moja Kassimu, mvuvi aliyecheza naye utotoni, alipompigia simu kwamba maji yamemtupa nguva Nakitope.

Alipofika, shimo lilikuwa tayari, juu kidogo ya mahali maji makuu yanapoishia. Kabla mnyama hajateremshwa, Ismaili aliomba ruhusa, akatoa chandarua kipya, akamzungushia nguva sehemu ya nyonga, akafunga kwa kamba huku na huku. Watu wa kazi yake hufanya hivyo: nyama huoza mchangani, na mifupa midogo husalia ndani ya wavu, isipotee. Alijiambia kwamba alikuwa hajaamua lolote, na kwamba kufunga si kufukua.

Wanakijiji hawakuyajua hayo. Walimwona mtu mzima, msomi, akipiga magoti katika matope kumfunika nguva kiunoni. Kwa kuwa nguva ana matiti kama mwanamke, na wanawake ndio humlilia, tendo lile liliwagusa. Kassimu alimtania.

"Mwalimu, mtafutie na kilemba basi, aende zake harusini."

Watu wakacheka. Mwanahamisi akamkaripia Kassimu mbele ya wote, akasema kijana wake alilelewa kujua maana ya sitara. Tangu siku hiyo habari ikatembea misibani na harusini, kwamba mtoto wa Mwanahamisi ndiye aliyemsitiri nguva. Ismaili alizisikia sifa hizo mara nyingi, naye hakuzisahihisha.

Masika ikapita, na nyingine ikapita. Kila alipokuja kumwamkia shangazi, miguu yake ilimpeleka kwenye tuta lile la mchanga, akasimama hapo muda mrefu, na wapitao wakadhani anaomba dua. Hatimaye alitafuta kibali cha serikali, akakipata, akampelekea Mzee Mustafa, mwangalizi wa makaburi ya kijiji.

Mzee Mustafa alikisoma chote, muhuri pia, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ofisi imekuruhusu kuchukua mifupa," alisema. "Haikukuondolea adhabu, wala haina uwezo huo. Chimba, Ismaili, ila jua likichwa usiwe hapa."

Mwanahamisi alipoambiwa alimkumbusha ile nyumba. Alimwuliza kwa upole ni mfupa gani unaoweza kumpikia uji akizeeka. Ismaili alijua kwamba anayoyatamani ni mawili, mifupa ile na mchanga wa kwao, na kwamba moja linalala chini ya lingine.

Akachimba. Aliukuta wavu umegeuka rangi ya chai, mafundo yake yakiwa imara. Alipoufungua na kupangusa mchanga, vilikuwamo vyote viwili, vyembamba kuliko alivyovichora, virefu kidogo, kimoja kikiwa na kibonye hafifu mahali ambapo, kwa mnyama mwenye miguu, kichwa cha mfupa wa paja hukaa.

Shangazi yake alikuwa amesimama juu ya shimo. Hakuitazama mifupa, aliutazama wavu.

"Kumbe hukumsitiri," alisema. "Ulimwekea mfuko."

"Ndiyo, shangazi."

Mwanahamisi akanyoosha kiganja, akapewa vile vijifupa, akavipima uzito.

"Vya nini hivi?"

"Vya kutembelea."

"Lakini hatembei."

"Hatembei. Vilibaki tu."

Mwanahamisi alivirudisha katika kiganja cha Ismaili, akamkunja vidole juu yake kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimfungia nauli ya shule.

Ismaili alilifukia kaburi mwenyewe, akalisawazisha. Matofali alimwachia Kassimu amjengee shangazi jiko, na Kassimu, ambaye hakukosa neno hata siku moja, safari hii aliitikia kwa kichwa tu. Jua lilikuwa limeinama yeye na shangazi yake walipofika kwenye mikorosho ya mwisho, mahali mchanga unapokoma na udongo mwekundu kuanza. Kwa desturi, anayetoka kwa adhabu hii haondoki na mchanga wa kijiji, hata ule ulioganda nyayoni.

Ismaili alivua viatu, akainua mguu mmoja. Shangazi yake aliinama na kata ya maji, akamwosha taratibu hata katikati ya vidole, akaushika ule mguu hadi alipoukanyagisha katika udongo mwekundu. Kisha akamwomba wa pili.